Bwawa la kulipia au mto wa klabu: uvue wapi ukiwa Uingereza?

Mpwa wangu alipofika Nottingham kutoka Mwanza Agosti iliyopita, kabla hata ya kutoa salamu za nyumbani alitoa begini mshipi uliozungushwa kwenye kijiti, ndoano nne na chubwi tatu za risasi. "Mjomba, huku mnavulia wapi?"

Nikamwambia kwanza azirudishe chubwi. Tangu 1987 sheria ya hapa inakataza chubwi za risasi zenye uzito wa kati ya gramu 0.06 na 28.35, kwa sababu batamaji walikuwa wakizimeza wakidhani ni changarawe, wanakufa kwa sumu. Dukani zipo za madini mengine na bei yake si ya kutisha. Swali la wapi ndilo lililokuwa gumu. Tulilijibu kwa kwenda kote kuwili: siku moja bwawa la kulipia, lililochimbwa na kujazwa samaki, na siku nyingine mtoni kwa kadi ya klabu. Naandika kwa ajili ya wenzangu mlio huku ambao mnatamani kushika tena mshipi lakini hamjui pa kuanzia. Nimevua pande zote mbili miaka 11 sasa, na sitajifanya sina ninakoegemea.

Kitoweo kiweke pembeni

Waingereza wamewagawa samaki wa maji baridi mafungu mawili. Fungu la kwanza ni samoni na trauti, samaki wa mezani na wa wenye nafasi zao. La pili ni karibu wengine wote: rochi mwenye macho mekundu, brimu bapa kama sinia, pachi mwenye milia, tenchi, chabu, paiki mwenye mdomo kama wa mamba, karpu, na babeli, ambaye hana undugu na ule mnara. Hawa wa fungu la pili ndio habari yetu leo. Wanavuliwa, wanapigwa picha, wanarudishwa majini wakiwa hai.

"Yaani unamlipia, halafu unamwachia?" Mpwa wangu aliuliza hilo mara tatu siku ya kwanza.

Ndiyo, unamwachia. Kumchukua samaki kwenye maji ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Wizi ya 1968. Mitoni kanuni zinaruhusu kuchukua kwa siku samaki wadogo 15 wasiozidi sentimita 20 na paiki mmoja asiyezidi sentimita 65, ila mwenye haki ya uvuvi pale lazima akubali, na klabu nyingi hazikubali. Kwenye bwawa la kulipia usithubutu hata kuuliza. Kama hamu yako ni mchuzi, nenda ukavue baharini: huko hakuna leseni ya fimbo, na vibua wa huku wakikaangwa wabichi hawana tatizo lolote.

Kwenye maji baridi leseni ni lazima kwa kila mwenye miaka 13 na kuendelea, hata kama bwawa ni la mtu binafsi na umeshalipa tiketi ya siku. Inatolewa na wakala wa mazingira wa serikali, unainunua kwenye simu kwa dakika tano. Wenye miaka 13 hadi 16 wanapewa bure, lakini bado wanatakiwa kuwa nayo. Ya mwaka mzima kwa mtu mzima, miaka hii, ni kama pauni 36, na inakuruhusu fimbo mbili. Ukikamatwa huna, faini inaweza kufika pauni 2,500. Nimewahi kuona wakaguzi wakishuka ukingoni saa mbili asubuhi Jumapili, kwa hiyo usiseme hawatokei.

Mabwawa haya yalitoka wapi

Uvuvi huu ulikuwa mchezo wa wafanyakazi. Sheffield, Birmingham, Leeds na Nottingham zilikuwa na vyama vya wavuvi wa ndoano vilivyojaa watu wa viwandani na migodini. Jumapili alfajiri mabasi ya kukodi yaliwapeleka kwenye mito ya Trent, Witham au Severn, kila mmoja na kikapu chake cha kukalia na kopo la funza. Mashindano ya taifa ya timu yalianza 1906. Sheria ya kupumzisha samaki wakati wa kutaga ni ya 1878, na watu waliiita kwa jina la Mundella, mbunge wa Sheffield. Kwa sheria hiyo hakuna aliyevua samaki hawa kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Juni, na usiku wa kuamkia tarehe 16 watu wazima na ndevu zao walikaa ukingoni wakisubiri saa sita kama watoto wanaosubiri Idi.

Halafu mambo kadhaa yakagongana. Mito mingi ilikuwa imechoka kwa maji machafu ya viwanda na vyoo. Viwanda vyenyewe vikafungwa, na vilabu vya kazini vikafa pamoja navyo. Wakulima nao, shamba likiwa halilipi, wakagundua kwamba udongo wa mfinyanzi unashika maji na kwamba mtu wa mjini yuko tayari kulipa ili akae kando ya maji hayo. Katika miaka ya 1980 na 1990 makatapila yakachimba: mashimo marefu membamba, visiwa vidogo katikati, na kila mita kumi na kitu jukwaa la mbao lenye namba. Mwaka 1994 mashindano ya Fish'O'Mania yakaanza kuonyeshwa na Sky, na kijana aliyekuwa hajawahi kusikia habari za Witham akaona kwenye televisheni watu wakitoa samaki mfululizo.

Lililomaliza ubishi, kwa maoni yangu, ni kalenda. Mwaka 1995 msimu wa kufunga uliondolewa kwenye mabwawa na maziwa mengi, na 2000 ukaondolewa kwenye mifereji mingi. Mitoni ulibaki, upo hadi leo. Kwa hiyo kila mwaka kwa miezi mitatu mvuvi wa mto hana pa kwenda ila bwawani au mferejini, na wengine wakishazoea hawarudi.

Samaki aliyechaguliwa kujaza mabwawa hayo ni karpu. Si mwenyeji halisi. Aliletwa zamani za karne za kati kutoka bara la Ulaya, akafugwa kwenye mabwawa kama chakula. Wavuvi wa zamani walimwona kama jini: mkubwa, mjanja, havuliki. Richard Walker alipomtoa karpu wa ratili 44 kwenye bwawa la Redmire mwaka 1952, ilikuwa habari ya nchi nzima. Mwenye bwawa la kulipia anampenda kwa sababu nyingine. Anavumilia maji ya vuguvugu yenye tope na hewa kidogo, anavumilia msongamano, anakua haraka, na akinasa anavuta mshipi kama mbuzi aliyekataa kamba. Udhaifu wake mmoja ulikuwa baridi, maana hupoteza hamu ya kula. Hilo nalo limepatiwa dawa kwa chotara wanayemwita F1, mtoto wa karpu na jamaa zake wadogo, ambaye hula hata Januari.

Waliokulia Naivasha wanamjua karpu. Alipojitokeza ziwani mwanzoni mwa miaka ya 2000 alizijaza nyavu za wavuvi wa pale kwa miaka mingi. Na sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kufundishwa maana ya samaki aliyepandikizwa. Sangara tumemla, tumemuuza, na wazee wetu bado wanataja majina ya samaki waliokuwepo kabla yake.

Siku ya bwawani

Tulifika saa moja asubuhi. Kutoka kwenye gari hadi maji ni hatua 20, nilizihesabu kwa sababu mto ulikuwa umenizoesha vibaya. Kuna choo kisafi, mkahawa wenye chai na mayai, na duka dogo la chambo. Getini kuna ubao wa masharti uliojaa kama tangazo la mirathi: ndoano zisizo na kembe tu, hakuna wavu wa kuhifadhia samaki isipokuwa siku za mashindano, peleti, zile punje za chakula cha samaki, zinunuliwe hapahapa, karanga za aina yoyote marufuku, lazima uwe na godoro la kumlazia samaki unapomtoa ndoano. Nilikuwa nimebeba wavu wangu wa kuchotea. Kijana wa getini akanizuia kistaarabu, akanipa wa kwao, kwa sababu wavu wenye unyevu wa maji mengine unaweza kuleta ugonjwa. Nilinuna kidogo, lakini alikuwa na haki.

Tukapewa kituo namba 14. Nilimwekea mpwa wangu ufito wa mita sita usio na gurudumu, mshipi umefungwa kwenye lastiki inayopita ndani ya ufito, boya jembamba kama njiti ya kibiriti, na kipande cha nyama ya kopo kilichokatwa mraba. Nikamwambia arushe punje sita za peleti kando ya jukwaa, kwenye kina cha futi mbili tu, kisha ateremshe boya juu yake.

Boya halikukaa dakika. Lilizama wima, lastiki ikavutika hadi katikati ya bwawa, na kijana wa Mwanza aliyetoa sato kwa mkono tangu akiwa na miaka saba akaanza kupiga kelele. Karpu wa ratili tatu hivi, yaani kama kilo moja na robo. Kufikia saa tisa alasiri alikuwa ametoa 22. Mzee wa kituo cha jirani, mwenye ufito wa mita 13 na kiti chenye droo nyingi kuliko kabati langu la jikoni, alitoa labda mara tatu ya hapo. Alikuwa akirusha peleti nne kila sekunde 30, mkono ukienda kama wa mtu anayepepeta mchele, na kila akiona mduara juu ya maji ameshafika pale. Wanaodai kwamba bwawani hakuna ufundi hawajamwangalia mtu wa namna ile. Ufundi upo, ila umehamia kwingine: kwenye mdundo wa kulisha, kwenye kasi, kwenye kujua lini samaki wamepanda juu. Katika mashindano ya mtoni zamani ratili tano au kumi zingeweza kukupa ushindi. Bwawani ratili 100 si habari tena.

Samaki wa kumi na saba alikuwa na mdomo uliopasuka upande mmoja, kidonda cha zamani kilichopona vibaya, midomo imekaa kombo. Mpwa wangu alimgeuza taratibu kwenye godoro.

"Mjomba, huyu ameshavuliwa mara ngapi?"

Sikuwa na hesabu ya kumpa. Kwenye bwawa lenye vituo 30 vinavyojaa kila mwisho wa wiki, karpu mmoja anaweza kunaswa mara nyingi sana kwa mwaka. Alimrudisha, akaendelea, lakini nilimwona tangu hapo anawaangalia midomo kwanza.

Siku ya mtoni

Wiki mbili baadaye tulikwenda Trent, chini kidogo ya Newark, kwenye kipande kilichokodiwa na klabu yangu. Hakuna geti la kulipia. Kuna kufuli la namba, malisho ya ng'ombe wanaokuja kukunusa, kisha mita kama 600 za kutembea na mizigo. Ukingo ulikuwa umejaa yale majani ya huku yanayowasha kama upupu. Mpwa wangu alikuwa amevaa kaptura. Sitaeleza zaidi.

Hakuna namba, hakuna jukwaa. Unakaa kwanza unayatazama maji: wapi mkondo wa kasi unapakana na maji yaliyotulia, wapi mti umelalia mto, wapi kuna kivuli. Tulipima kina kwa chubwi nzito, tukakuta korongo la futi tisa karibu na ukingo wetu. Nikafunga fida ya gramu 60, kikopo chenye matundu kinachojazwa funza na unga wa mkate na kulala chini huku kikimwaga chakula kidogo kidogo, nikamwonyesha mahali pamoja pa kurusha kila mara.

Saa mbili bila kitu. Bwawani angekuwa na samaki wanane. Nilimwona anatazama simu, nikanyamaza. Kisha ncha ya fimbo ikatetemeka, rochi wa kuenea kiganjani, fedha tupu yenye mapezi mekundu, hana hata magamba mawili yaliyopinda. Huyu huenda hakuwahi kumwona binadamu. Wakaja wengine sita, na pachi wawili. Jua lilipogusa miti ya ng'ambo fimbo ilijikunja nzima na gurudumu likalia. Babeli. Anavuta tofauti na karpu: anashika chini na kuupa mkondo kifua, dakika saba hivi, ukidhani umenasa gogo linaloogelea. Alikuwa wa ratili sita, shaba iliyosuguliwa, sharubu nne.

Kazi haikuishia hapo. Babeli huchoka hadi kuweza kufa akiachwa mara moja. Mpwa wangu aliingia majini hadi magotini, akamshika kwa mikono miwili kichwa kikielekea mkondo unakotoka, akasubiri. Dakika nne, tano. Mkia ukaanza kupiga, ukapiga kwa nguvu, akaenda. Kijana akabaki ameinama vilevile mikono mitupu ndani ya maji.

Samaki kumi kwa siku nzima, ukimhesabu na huyo. Na nisikufiche upande wa pili: mara mbili msimu uliopita nimefunga safari nikakuta Trent imejaa hadi kwenye malisho, maji rangi ya chai ya maziwa, nikageuza gari. Mara nyingine nimekaa saa nane nikarudi sijaona hata mtikisiko. Bwawani hilo halitokei isipokuwa barafu imefunga.

Hesabu ya mfukoni

Tiketi ya siku bwawani mara nyingi ni kati ya pauni 8 na 15, na peleti za kwao ni juu yake. Kadi ya mwaka ya klabu nyingi za mjini huwa sawa na siku nne au tano za bwawani, nayo inakupa kilomita za mto, pengine na mfereji na bwawa moja la klabu. Anayekwenda mara mbili kwa mwaka alipe bwawa. Anayekwenda kila mwezi akinunua tiketi za siku anatupa pesa.

Vifaa ndivyo vinavyodanganya. Ukiangalia majirani bwawani utadhani huwezi kuvua bila ufito wa maelfu ya pauni. Unaweza. Ufito mfupi usio na gurudumu, boya mbili, ndoano na wavu haviumizi mfuko, na karibu na ukingo ndiko karpu wanakula. Jambo moja tu kuhusu fito ndefu za kaboni, bwawani na kwingine: tazama juu kabla ya kuinua. Kaboni inapitisha umeme na watu wamekufa chini ya nyaya.

Samaki wenyewe

Hapa kila upande humnyooshea mwenzake kidole. Bwawani msongamano ni mkubwa. Usiku wa joto hewa ndani ya maji hupungua hadi samaki wanahema juujuu, na mwenye bwawa huamka kuwasha mashine za kurusha maji. Kuna ugonjwa wa virusi vya herpesi vya koi, unaoua karpu maji yakipita nyuzi 16 za joto. Ukithibitishwa lazima utangazwe na samaki hawahamishwi. Karpu wengi nao wanafukua tope wakitafuta chakula, maji yanachafuka, majani yanakufa, na tenchi waliozoea maji yenye mimea wanabaki bila makao. Bwawa la kijiji lililokuwa na samaki wa aina sita, likijazwa karpu, baada ya miaka linakuwa na karpu.

Lakini bwawani mtu mwenye maslahi yupo kila siku. Samaki watatu wakielea asubuhi, saa nne daktari wa samaki ameshapigiwa simu. Mtoni maji ya vyoo yanaweza kumwagwa usiku baada ya mvua na hakuna atakayejua isipokuwa kuna mtu ukingoni. Wavuvi wa mto pia wanalalamikia fisi maji waliorudi na minandi wanaokuja kutoka pwani, na si uzushi wote, ingawa mimi fisi maji akipita namwangalia kwa furaha na kufunga begi langu.

Wala usidhani mto ni wa asili tupu. Babeli wa Severn walipandikizwa 1956 kutoka mto Kennet. Hapa kwetu Calverton, nje kidogo ya Nottingham, serikali ina shamba linalofuga rochi, chabu na babeli kwa ajili ya kurudishwa mitoni, na sehemu kubwa ya gharama inatoka kwenye zile pauni 36 za leseni. Kwa hiyo hata wa bwawani anauchangia mto, apende asipende.

Nani anautazama mto

Kwangu mimi uzito wa mizani uko hapa, ndiyo maana nimeuacha hadi sasa. Mwaka 1948 wavuvi walianzisha chama cha kuwashtaki wanaochafua mito, kwa msingi wa sheria uliokuwa rahisi: klabu iliyokodi haki ya kuvua ina mali, na anayeua samaki wake ameharibu mali. Klabu moja ya Derby, Pride of Derby, ikazishtaki kampuni ya British Celanese, halmashauri ya mji na mamlaka ya umeme kwa kuuchafua mto Derwent kwa taka za kiwanda, maji ya vyoo na maji ya moto. Wakashinda, na 1953 mahakama ya rufaa ikathibitisha. Klabu ya watu wa kawaida wenye ndoano na funza, dhidi ya wakubwa watatu kwa mpigo. Kazi hiyo inaendelea hadi leo kwa jina la Fish Legal, bega kwa bega na Angling Trust iliyoundwa 2009.

Sasa fikiria klabu ile inapopungukiwa wanachama kwa sababu vijana wote wako kituo namba 14. Kodi ya ukingo inashindikana, mkataba unaachwa. Mto hautatoweka, ila hakuna tena mwenye mali ya kudai mahakamani, na hakuna mzee anayepita Jumanne asubuhi na kijiti chake akinusa maji. Klabu yangu ina mzee wa namna hiyo, miaka 78. Akikohoa kamati nzima inashtuka.

Sisemi bwawa limeua mto. Mito ilikuwa inaumwa kabla makatapila hayajafika. Ila bwawa limewapa watu mahali pa kwenda, na mgonjwa amebaki na watazamaji wachache.

Basi uchague lipi

Una mtoto wa miaka minane asiyejua kukaa? Bwawa, bila kufikiri mara mbili. Choo, chai na samaki kila baada ya dakika kumi ndivyo vitakavyomfanya akuombe mrudi. Unatembea kwa shida au unatumia kiti cha magurudumu? Bwawa pia, mabwawa mengi yana majukwaa mapana yanayofikika, na kingo za mto hazimhurumii mtu. Una Jumamosi moja tu kwa mwezi kati ya zamu za hospitali au ghala, na unataka uhakika? Bwawa, na usimruhusu mtu akutie haya kwa hilo. Aprili na Mei hakuna ubishi, mito imefungwa.

Kama unaishi London na huna gari, angalia mfereji kabla ya yote mawili. Taasisi ya hisani ya Canal & River Trust inasimamia zaidi ya kilomita 3,000 za njia za maji, na huandaa siku za bure za kufundisha wanaoanza, fimbo wanatoa wao. Mfereji una mambo yake: boti zinapita, baiskeli zinapiga kengele mgongoni mwako. Lakini rochi na pachi wapo, na kituo cha treni kiko karibu. Ukitoka mfereji au mto wowote, nawa mikono kabla ya kula. Mkojo wa panya huleta homa mbaya ya ini.

Na kama wewe umekulia kando ya maji, umeshakaa kwenye mwamba na mshipi kidoleni ukisubiri kitu kinachoweza kisije, usianze na bwawa. Hapa natofautiana na karibu kila mtu. Wanasema anza pepesi, kisha panda. Kwa asiyejua kusubiri ni ushauri mzuri. Kwa anayejua, bwawa litakubadilishia kipimo: ukizoea samaki 22, wale kumi wa Trent watakuwa hasara, na yule babeli atakuwa samaki mmoja tu katika hesabu.

Nilikosea mpangilio na mpwa wangu. Anarudi Juni 20, siku nne baada ya mito kufunguliwa, na ameshaniambia kwenye simu anataka bwawani kwanza. Nimekataa. Tumevutana kidogo, akakubali tuanze Trent, kwa sharti nimnunulie viatu vya mpira vinavyofika gotini na suruali ndefu, kwa gharama yangu.